Kiyoyozi cha wiki nane, na mkataba ambao mume wangu haujui

Shikamoo dada mshauri,

Ninakuandikia kutoka Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada. Huku mwezi Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na theluji hukaa uani tangu Novemba mpaka inapokaribia kwisha Aprili. Kwa hiyo najua kwamba wasomaji wako wengi watashangaa wakisikia kuwa jambo linalonikosesha usingizi ni gharama ya kutunza kiyoyozi.

Tulinunua nyumba yetu miaka minne iliyopita, mimi na mume wangu, baada ya kupanga kwa muda mrefu. Ni nyumba ya ghorofa moja juu, ya zamani kidogo, na kiyoyozi tulikikuta humo. Sehemu yake moja iko nje, nyuma ya jiko, na nyingine iko chini ya nyumba, juu ya hita kuu inayopasha joto vyumba vyote. Kibandiko cha ile mashine ya nje kinaonyesha ilitengenezwa mwaka 2008. Kiangazi cha kwanza hatukukifanyia lolote, nacho kikafanya kazi. Cha pili nilimwita fundi akikague, akatoza dola 139. Cha tatu kilikataa kuwaka siku ya Jumamosi yenye joto la nyuzi 34, tukangoja fundi siku nne, akabadilisha kapasita, kile kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia mota kuanza, na kututoza dola 340 pamoja na gharama ya kufika. Mwaka jana kilikuwa kinapuliza hewa isiyo baridi, fundi mwingine akasema gesi imepungua, akajaza, tukalipa dola 420. Ukijumlisha ni dola 899 ndani ya viangazi vitatu.

Mume wangu ni mtu wa hesabu. Mwaka jana alikuwa anaweka alama kwenye kalenda ya jikoni kila siku tuliyowasha AC, na mwisho wa msimu alikuta alama 41. Akaniambia, "Mama watoto, tumelipa zaidi ya dola kumi kwa kila siku moja ya ubaridi, na hapo hatujahesabu umeme, katika mji ambao miezi sita tunalipa ili tupate joto." Sikuwa na jibu. Tangu hapo msimamo wake ni kwamba mashine isiguswe: ikifa, ife, tufungue madirisha kama tulivyokuwa tukifanya kwetu Tanga.

Lakini tangu mwaka jana mwezi Septemba tunaishi na mama yake. Mama mkwe wangu ana miaka 74, ana presha, na anameza dawa, mojawapo ikiwa ya kumfanya akojoe ili kupunguza maji mwilini. Analala ghorofani, katika chumba kinachopigwa na jua la jioni, na huku jua la Juni halizami mpaka saa tatu na nusu usiku. Hiki kitakuwa kiangazi chake cha kwanza nasi. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na nimeona kwa macho yangu jinsi siku mbili za joto zinavyomgeuza mzee aliyekuwa akiongea vizuri akawa hajui yuko wapi. Kila nikimtazama mama akipanda ngazi, nafikiria hilo.

Yeye mwenyewe hataki AC. Mwezi huu wa tano tulipata siku tatu za joto, nikaiwasha, na usiku alishuka kimya kimya akaizima. Asubuhi aliniambia, "Mwanangu, upepo huo utanitia kifua. Mimi nimezaliwa na joto."

Sasa nifike kwenye kosa langu, kama ni kosa. Wiki tatu zilizopita alikuja mlangoni kijana mmoja wa kampuni ya viyoyozi, mume wangu akiwa amelala kwa sababu anafanya kazi za usiku ghalani. Kijana alizungumza kwa adabu, akaniambia mashine ya umri huo ikikosa uangalizi itakufa katikati ya joto, na kwamba kwa mkataba wa dola 25 kwa mwezi watakuwa wakiikagua kila mwaka pamoja na hita, na tukipata hitilafu tutatangulizwa mbele ya wateja wengine. Nikamfikiria mama, nikatia saini. Malipo ya kwanza yamekwisha kukatwa kwenye kadi yangu. Ni dola 300 kwa mwaka, na fedha zinazokaribiana na hizo ndizo tunazotuma Tanga kila muhula kwa ajili ya ada ya mtoto wa marehemu kaka yake mume wangu. Sijamwambia.

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni wakati natia saini. Hakusema kitu mpaka kijana alipoondoka, kisha akaniambia, "Mambo ya pesa usimfiche mwenzio," na mpaka leo hajarudia wala hajamwambia mwanawe. Huo ukimya wake unanielemea kuliko kama angenisema.

Je, nivunje mkataba kabla mume wangu hajajua, nibaki nao kwa ajili ya mama, au nimwambie na kukubali hasira yake? Na je, ni kweli kwamba kiyoyozi katika mji wa baridi ni anasa isiyostahili kutunzwa?

Mkaza mwana, Winnipeg


JIBU

Marahaba, mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale mama mkwe wako anapokuangalia ukitia saini, akanyamaza, kisha akakuambia sentensi moja tu. Nitarudi hapo. Kwanza niruhusu niyapange uliyoyaleta, kwa sababu naona mambo matatu yamefungwa katika fundo moja: gharama ya mashine inayotumika siku chache, usalama wa mama katika joto, na jambo la fedha ulilolifanya peke yako. Umeniuliza kuhusu mkataba kana kwamba ndio unaobeba yote matatu, nami sina hakika kama unaubeba hata mzigo mmoja kikamilifu.

Nianze na mume wako, kwa kuwa hayupo hapa kujieleza. Hesabu yake ni sahihi, na ningependa ukubali hivyo mbele yake, kwa sauti, kabla ya neno lingine lolote. Dola 420 ukizigawa kwa siku 41 ni zaidi ya dola kumi kwa siku. Kuna ushahidi mwingine unaomuunga mkono ambao pengine hakuutaja: karibu umeme wote wa Manitoba hutokana na nguvu ya maji, na uniti moja nyumbani ni karibu senti 10. Kiyoyozi cha nyumba ya kawaida kikivuta kilowati tatu kwa jumla ya saa 300 katika msimu mzima, umeme wake ni kama dola 90. Maana yake ni kwamba katika nyumba yenu kuitunza mashine kunagharimu kuliko kuitumia. Mtu wa Dar es Salaam, ambaye AC yake hunguruma karibu mwaka mzima, hukuta kinyume chake: bili ya umeme ndiyo inayomuumiza, na sevisi ya fundi ni kitu kidogo pembeni. Kwa hiyo mume wako anapoona kuna kitu hakikai sawa, hakosei, na wala si ubahili.

Ninachomwomba akitazame upya ni kipimo alichokichagua. Kugawa gharama kwa idadi ya siku huzifanya siku zote 41 zilingane, ilhali hazilingani. Siku 35 kati ya hizo huenda zilikuwa za kustarehe tu, ambazo mngeweza kuzipitisha kwa feni na dirisha lililofunguliwa usiku. Siku tano au sita zilikuwa za aina nyingine. Winnipeg ni mji wa baridi, lakini uko katikati ya bara, mbali na bahari, na joto lake likija huja kwa nguvu: tarehe 11 Julai 1936 mji huo ulifika nyuzi 42.2. Kiyoyozi chenu kinatunzwa kwa ajili ya siku hizo chache, na swali la kweli kwenu ninyi wawili ni kiasi gani mko tayari kulipa ili siku hizo zisiwakute mikono mitupu, sasa kwa kuwa nyumbani kuna mtu wa miaka 74.

Hapo nizungumze juu ya Tanga, kwa sababu mume wako na mama yake wote wameitaja, nami naielewa imani yao. Nyumba ya Tanga ina madirisha mapana yanayotazamana, ina kivuli cha mwembe uani, na jioni upepo wa bahari hupita ndani ukachukua joto la mchana. Nyumba ya Winnipeg imejengwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa: kuta zimejazwa pamba nzito za kuzuia joto lisitoke, madirisha yamezibwa pembeni, na hewa ya moto hupanda ghorofani ikakaa huko. Ikishapata joto siku tatu mfululizo, haiachi upesi. Na mwili nao husahau. Mtu aliyezoea joto maisha yake yote, akikaa miezi minane katika majira ya baridi, hupoteza sehemu kubwa ya mazoea hayo, na huchukua siku kadhaa kuyarudisha. Uzee huongeza jambo jingine, kwamba mzee huhisi joto na kiu kwa kuchelewa, na jasho lake hupungua. Dawa ya kukojosha uliyoitaja humwondolea maji ambayo mwili ungeyahitaji kujipoza. Mama anaposema amezaliwa na joto anasema kweli, ila joto lililomlea lilikuwa na upepo ndani yake.

Nchi hiyohiyo mnayoishi ilipata funzo chungu mwishoni mwa Juni 2021, katika jimbo la British Columbia, ambako watu wengi walikuwa wakiamini kwamba hawahitaji viyoyozi. Kijiji cha Lytton kilifika nyuzi 49.6. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo hilo ilihesabu watu 619 waliokufa kwa sababu ya joto katika siku hizo chache. Asilimia 98 walifariki wakiwa ndani ya nyumba, na theluthi mbili yao walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Sikuelezi haya ili nikuongezee hofu, maana hofu unayo ya kutosha, na wewe kazini umeyaona kwa macho. Nakueleza ili ujue kwamba wasiwasi wako una msingi na hauhitaji kufichwa nyuma ya saini.

Sasa nikuulize na wewe, kwa upole. Ni nini hasa ulichokinunua pale mlangoni? Nadhani moyoni ulinunua uhakika kwamba mama hatapata joto. Lakini karatasi uliyotia saini inaahidi ukaguzi wa mara moja kwa mwaka na nafasi ya mbele kwenye foleni. Itoe, uisome polepole, utafute majibu ya mambo haya: je, vipuri vimo au ni kazi ya fundi tu, je, gesi imo, je, mkataba hujihuisha wenyewe mwaka ukiisha, na ukitaka kutoka, unatozwa nini. Huko Manitoba mkataba uliotiwa saini mlangoni unaweza kuvunjwa ndani ya siku 10, na wewe umepita muda huo, lakini mikataba mingi ya kila mwezi ina njia yake ya kutokea iliyoandikwa ndani. Mashine ya mwaka 2008 hata ikikaguliwa na fundi mwema kuliko wote bado ni mashine ya mwaka 2008, na hakuna ukaguzi unaoweza kuahidi kwamba kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi, haitakufa Julai.

Kuna jambo katika barua yako lililonishtua kuliko dola 300, nalo ni zile dola 420 za gesi. Wengi wetu tumezoea tangu nyumbani kwamba AC hujazwa gesi kila baada ya muda, kama gari linavyotiwa mafuta. Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haichomwi wala haiishi kwa kutumika. Huzunguka humohumo miaka yote. Ikipungua, pana tundu mahali fulani. Kama fundi alijaza bila kutafuta tundu, basi huenda mwaka huu mkalipia tena gesi ileile iliyokwisha kutoroka. Tena mashine ya umri huo kuna uwezekano mkubwa inatumia gesi iitwayo R-22, na kibandiko kilekile ulichosoma kitakuambia. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kufuatana na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa mataifa wa kulinda tabaka hilo, Kanada na Marekani zilifunga mlango wa R-22 mpya mwaka 2020. Iliyobaki ni ya akiba au iliyovunwa kutoka mashine zilizokufa, ndiyo maana bei yake huuma. Hata gesi iliyochukua nafasi yake, R-410A, nayo imeanza kupunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali, hapo jirani kwetu, Oktoba 2016. Basi kabla hujauliza kama mkataba wa matengenezo ni ghali au rahisi, ingefaa ujue kama kinachotunzwa kina maisha mbele yake. Fundi mwenye cheti cha kushika gesi anaweza kupima uvujaji na kukupa jibu kwa maandishi.

Nikutajie pia kazi ambazo hazihitaji mkataba wowote, kwa sababu sehemu kubwa ya hitilafu za viyoyozi vya miji ya baridi huanzia kwenye uchafu na majira, na mikono yenu wenyewe inatosha. Chujio la hewa linalohudumia hita wakati wa baridi ndilo hilohilo linalohudumia AC wakati wa joto, na kulibadilisha kila baada ya miezi miwili au mitatu ni dola chache. Mwezi Juni miti iliyo kando ya mito ya huko humwaga nyuzi nyeupe mfano wa sufi, nazo hunata kwenye mapezi ya mashine ya nje mpaka ikashindwa kupumua. Zima swichi yake, uzisafishe kwa mpira wa maji kwa shinikizo dogo, kisha uache nafasi wazi ya angalau nusu mita kuizunguka. Angalia bomba la kutolea maji kule chini ya nyumba lisizibe. Wakati wa theluji funika juu tu, kwa ubao au kifuniko chepesi. Ukiifunga yote kama mzigo, unyevu hukaa ndani na panya hupata makazi. Majira ya kuchipua, kama mliizima kwenye swichi kuu, rudisha umeme saa 24 kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yapate joto kwanza. Na usiiwashe nje kukiwa chini ya nyuzi 15, kwa kuwa mafuta huwa mazito na kompresa huumia. Hii ndiyo sababu mimi huwa na shaka na kampuni inayopanga ukaguzi wa AC mwezi Machi: fundi hawezi kuijaribu ipasavyo katika baridi hiyo. Mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni ndio wakati wake.

Ukishajua hayo, njia zilizo mbele yenu zinaonekana vizuri zaidi, na kila moja ina mwiba wake. Mkibaki na mkataba, mnapata utaratibu na ukaguzi wa hita pia, jambo ambalo katika Januari ya Winnipeg si dogo hata kidogo. Lakini kwa miaka mitano mtakuwa mmelipa dola 1,500, karibu theluthi ya bei ya kuanzia ya kiyoyozi kipya, na fundi anayekuja ni wa kampuni ambayo pia huuza mashine mpya. Mkiuvunja na kumwita fundi mara moja tu kila mwaka, au mwaka mmoja kuruka mmoja, mkafanya wenyewe zile kazi za mikono, mnabakiza zaidi ya nusu ya fedha hizo. Lakini siku ya joto kali mtakuwa kwenye foleni kama mlivyokuwa ile Jumamosi, na siku nne za kungoja mkiwa vijana wawili si sawa na siku nne za kungoja mkiwa na mama.

Msimamo wa mume wako, wa kuiacha ife, nao unastahili kuheshimiwa kama mpango, mradi uwe mpango kweli. Kuiacha ife bila kuweka kitu pembeni ni kuahirisha bili tu. Lakini kama dola 25 hizohizo zingewekwa kila mwezi kwenye mfuko wa mashine ijayo, na dola mia mbili au tatu zikanunua AC ndogo ya dirishani kwa ajili ya chumba cha mama peke yake, basi hata ile kubwa ikifa Julai, chumba kimoja nyumbani kitabaki salama. Kwangu mimi wazo hili la chumba kimoja linanivutia, na nalisema wazi kuwa ni mvuto wangu tu, kwa sababu linaitenganisha afya ya mama na umri wa mashine. Ubaya wake ni kwamba linamfunga mama chumbani wakati wa joto, na mzee aliyetoka mbali, asiye na majirani wa kuzungumza nao, upweke nao humdhuru. Mtakapofika kwenye kununua mashine mpya, ulizeni pia kuhusu zile zinazopoza kiangazi na kupasha joto majira ya baridi. Kwa baridi ya huko bado mtahitaji hita yenu isimame nyuma yake, na bei yake ni kubwa zaidi mwanzoni.

Kuhusu kufungua madirisha, ninakubaliana na mume wako kwa siku nyingi za kiangazi. Ila mnakumbuka mwaka 2025 Manitoba ilitangaza hali ya dharura mara mbili kwa sababu ya moto wa misitu. Joto na moshi vikija pamoja, dirisha lililokuwa dawa huwa njia ya kuingizia ugonjwa.

Na mama mwenyewe? Nimeona katika barua yako watu wawili wanaomwamulia, mmoja akisema anahitaji ubaridi, mwingine akisema hauhitaji, na yeye anashuka usiku kimya akizima kitufe. Malalamiko yake kuhusu kifua usiyapuuze. Mara nyingi kinachowasumbua wazee ni upepo unaowapiga moja kwa moja, na nyumba iliyopozwa hadi nyuzi 20. Ushauri wa afya wa British Columbia baada ya ile 2021 ni kwamba ndani ya nyumba nyuzi 26 ni salama, na zikizidi 31 kwa muda mrefu huwa hatari kwa wazee na wagonjwa. Ukiiweka 26, ukageuza tundu la hewa lisielekee kitandani, na ukapoza chumba kabla hajapanda kulala, huenda hatasikia baridi hata kidogo. Mwulize anavyotaka alale. Mwulize pia daktari wake kuhusu ile dawa katika siku za joto, na asiiache wala kuipunguza bila daktari kusema.

Sasa narudi sebuleni, siku ile ya saini. Umesema ukimya wa mama unakuelemea. Mimi nilipousoma niliona mama aliyejua kwamba jambo lile lilifanywa kwa ajili yake, na ambaye amekuachia wewe nafasi ya kulisema kwa mdomo wako mwenyewe badala ya mwanawe kulisikia kwake. Ukiuvunja mkataba kimyakimya, mume wako hatajua, lakini wewe na mama mtajua, na kila kiangazi mnapozungumzia AC mtakuwa watu wawili wenye siri na mmoja asiye nayo. Ukimwambia, kuna hatari ya hasira, na hasa ya kuumia kwamba ada ya yule mtoto wa marehemu kaka yake iliwekwa mizani moja na kitu ambacho hakuulizwa. Maumivu hayo usiyapunguze kwa kuyajibu haraka na takwimu za joto. Wewe ndiye unayemjua, na unajua ni saa ngapi baada ya kazi ya usiku moyo wake huwa umetulia. Kama ingenipasa kukupa neno la kuanzia, ningeanza na kalenda yake ya jikoni: kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, kwamba ulikosa jibu, na kwamba kukosa jibu huko ndiko kulikokufanya utie saini akiwa amelala.

Wakati mkiendelea kufikiri, nunua kipimajoto kidogo cha dola kumi, ukitundike chumbani kwa mama, mbali na dirisha, na kila siku saa tatu usiku aandike namba yeye mwenyewe kwenye kalenda ileile, kando ya alama za mwanawe. Wiki mbili za namba hizo, pamoja na karatasi ya mkataba na jibu la fundi kuhusu uvujaji, ndizo ningependa ziwe mezani mtakapokaa wote watatu. Niandikie tena Julai, unieleze chumba kile kilifika ngapi.

Dada yako,
Mshauri